Hamira Iliyoitwa Nipper

Jumatatu, 9 Septemba 2019

Nimefika. Hoteli ileile kando ya ziwa, mvua ileile ya Uskoti, uji uleule wa shayiri wenye mabonge. Mwaka 1986 tulikuja hapa, kwenye mkutano huuhuu wa vinasaba, mimi na Isobel Rennie, wanafunzi wa marehemu Profesa Baird. Hatukuwa na kitu ila hamira yetu ya maabara, bingwa wa kubadilishana vipande vya kromosomu bila kujiharibu. Kwenye makala ina namba. Sisi watatu tuliiita Nipper, jina la mbwa wa Profesa. Ah, siku zile!

Friza yangu ilikufa mwezi wa saba. Nipper wote wameoza. Waliobaki duniani wako kwa Isobel. Nami nastaafu Desemba, sitaki kufunga maabara kabla sijamwona Nipper akiota tena kwenye sahani zake. Katika kazi yetu hamira hainyimwi mtu: unaomba, unapewa. Lakini nimwombe Isobel? Aliyetanguliza jina lake kwenye makala yetu, tukanuniana miaka thelathini? Thubutu!

Kwa hiyo wiki jana nilimwandikia baruapepe kama Dkt. Almeida wa Lisbon, anayekuja mkutanoni na kuomba, kwa heshima zote, aachiwe Nipper kidogo mapokezi ya hoteli. Akili ninayo.

Jumanne, 10 Septemba

Balaa. Isobel, mwenyekiti wa kikao cha asubuhi, ametangaza Dkt. Almeida ajitokeze, hamira yake imeletwa. Watu wakageuza shingo. Akarudia. Nikakodolea dari macho. Jirani yangu, Farquhar, mtu asiyejua kunyamaza, akasema huenda mgeni amepotea mvuani, twende tukamtafute. Nusu ya ukumbi ikatoka na miavuli. Nikatoka nao, ningefanyaje? Nimezunguka ziwa nikimwita Almeida. Nimelowa chapachapa.

Mchana mada zilikuwa za uthabiti wa jenomu. Sikusikia hata moja. Zamani Profesa angekuwa mstari wa mbele, anakoroma, kisha anaamka na swali la kumtoa mtu jasho. Nimemkumbuka sana.

Jumatano, 11 Septemba

Ngoma ya kufunga mkutano. Aliianzisha Profesa Baird: watu wawili wawili kwenye mistari, kisha mnabadilishana wenzi, ili wanafunzi waone kromosomu zinavyofanya. Nilijipanga mwisho wa mstari, mbali kabisa na Isobel. Nikasahau kwamba ngoma ile haimwachi mtu alipo! Fidla zikaanza, nikatupwa huku, nikatupwa kule, nikatua mikononi mwake. Mikono ileile.

Akaniuliza, “Haya, Dokta Almeida, Lisbon hawajambo?”

Nikamwambia simwelewi.

“Murdo, acha hizo. Tuliobaki tunaomwita Nipper ni wawili tu. Mmoja ni mimi.” Akanichomekea pakiti ya foili mfukoni mwa shati. “Ungesema tu, bwana. Miaka yote hii nangoja useme.”

Nilitaka kujibu. Ngoma ikanichukua. Nimelia kidogo chooni, kwa ajili ya Profesa, na ya ujana wetu. Sijafurahi hivi tangu sijui lini. Nimecheza mpaka fidla zikanyamaza. Shati limelowa jasho, nimempa dobi wa hoteli.

Alhamisi, 12 Septemba

Shati limerudi. Limechemshwa, limepigwa pasi, linanukia maua. Foili imo mfukoni, imekunjamana. Karatasi iliyokuwa ndani yake, ndiyo tunayosafirishia hamira, imekuwa ugoro. Nipper kafa tena!

Isobel yuko meza ya pili, anakula uji. Ningeweza kuinuka nikamwambia. Mwenyewe alisema niseme tu. Lakini niseme nini, kwamba nimemfua? Atanicheka mpaka Krismasi.

Hapana. Nimefikiri vizuri. Kosa la Almeida lilikuwa kutaja jina. Nimeandika upya kwa simu, chini ya meza: Dkt. Conceição Prado wa São Paulo anaomba hamira ile kwa namba yake. Namba tupu, Nipper hayumo popote. Nimetuma.

Simu ya Isobel imelia. Amesoma. Amecheka kile kicheko chake cha 1986, mpaka kijiko kikamdondoka.

Sijui kinachomchekesha. Namba nimeiandika sawasawa.