Neno Moja Lililomuua Koplo Guyo

Leo nimemuua baba mkwe wangu. Mchana kweupe, hapa Isiolo, mbele ya wanajeshi wenzake. (Yuko hai. Tulieni.)

Ilikuwa hivi. Maafisa walikuja ukumbini kuhakiki wanajeshi wastaafu. Ukionekana uko hai, pensheni inaendelea. Usipoonekana, inakatwa. Mke wangu akanituma nimpeleke babake, Koplo Guyo. Foleni haikusonga. Mzee akachoka, akaniambia nimshikie nafasi, akaenda soko la mifugo kuangalia mbuzi.

Nikafika mezani peke yangu.

"Koplo Guyo?" akaita afisa, dada mmoja mpole.

"Ametuacha, madam."

Akashika kifua. "Woi! Lini?"

"Sasa hivi tu, akiwa hapo nje."

"Hapo nje! Alikuwa anaumwa?"

"Hapana. Alisema amechoka kungojea serikali."

Machozi yakamlengalenga. "Pole sana. Ameenda mahali pazuri."

"Ni kweli," nikasema. "Anapapenda sana." (Jamani, mimi nilikuwa nawaza soko la mbuzi!)

Akabonyeza kompyuta, akasimama. "Wazee wangu, Koplo Guyo amefariki."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikafungua mdomo, lakini sajini mmoja mstaafu alishanguruma: "Kofia chini! Kimya!" Ukumbi mzima ukasimama wima. Sajini akanikazia jicho. Nikafunga mdomo. (Ndiyo, niliogopa. Hamjaliona lile jicho.)

Mlango ukafunguka. Mzee Guyo, mwenyewe, na fimbo yake. Akaona wenzake wamesimama kimya, vichwa wazi. Mwanajeshi ni mwanajeshi: akavua kofia, akakutanisha visigino, akainamisha kichwa kando yangu. Akaomboleza kwa moyo wote. Mimi jasho linatiririka hadi kwenye soksi.

Kimya kilipokwisha, akamnong'oneza sajini, "Nani ametutoka?"

"Guyo," sajini akajibu, macho bado yamefumbwa.

"Guyo gani?"

"Guyo wa signali, yule wa redio. Yule mbishi."

"Wallahi, huyo ni mimi!"

Sajini akafumbua macho. Sijawahi kuona mzee wa umri ule akiruka benchi.

Vicheko vilipotulia, Mzee akaenda mezani. "Binti, niko hapa. Nifute kwa wafu."

"Nakuona, mzee wangu," dada akasema, aibu tele. "Lakini kuua, tunaweza hapa. Kufufua ni Nairobi."

Ukumbi mzima ukanigeukia. Nikatamani niwe mbuzi, ninunuliwe, nipelekwe mbali.

Tafadhali msicheke. Mke wangu hajanisemesha tangu mchana. Majirani walimpigia simu za pole kabla sijafika nyumbani. Nairobi nao tumewaandikia, hawajajibu. Mzee ameketi sebuleni kwangu, amekataa kurudi kwake, na kila nikipita ananiuliza:

"Mkwe, bado nimekufa?"