Mkaguzi Aliyechoma Kipande cha Godoro

Ndugu Mkuu wa Kituo cha Zimamoto,

KUHUSU: USUMBUFU WA MKAGUZI WAKO SHULENI KWETU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na gari lenu la maji likiwa limeshapata betri. Sisi hatujambo, isipokuwa kwa yale tuliyofanyiwa Jumanne ya wiki jana na yule binti uliyemtuma kutukagua.

Mimi ni mwalimu mkuu wa shule hii ya bweni ya wasichana, huu mwaka wa kumi na nne. Katika muda wote huo hatujaungua hata mara moja. Na usije ukadhani nasema tu kwa kuwa hayanigusi: kitindamimba wangu analala katika bweni hilohilo, kitanda kama cha wenzake, shuka kama za wenzake. Kungekuwa na hatari, mimi baba yake ningemlaza humo? Sasa naomba kuyataja malalamiko yangu moja baada ya jingine.

1. Alikuja bila taarifa. Wageni wote wa maana hutuandikia wiki mbili kabla, nasi tukapaka chokaa mawe ya njiani na kuwafundisha wanafunzi wimbo. Yeye alitukuta vilevile tulivyo. Ukaguzi wa namna hiyo unakagua nini, kama si aibu za watu?

2. Mitungi ya kuzimia moto. Kwanza alidai hatuna. Nilipomwonyesha kuwa tunayo, akadai haifai. Ndugu Mkuu, ni mitungi sita, mipya, bado imo kwenye nailoni yake, na mmoja una utepe aliofungua mwenyekiti wa bodi. Tunaitunza katika kabati la ofisini kwangu, na kila Ijumaa inafutwa vumbi. Zamani tulikuwa na mwingine, ukatundikwa ukutani. Wanafunzi wakaufyatua siku ya mahafali, mgeni rasmi akarudi kwake mweupe kama aliyetoka kusaga unga. Tangu siku hiyo tukatia adabu, na kufuli. Mkaguzi wako akaandika kwa kalamu nyekundu kwamba mitungi "haifikiki". Nashangaa. Kitu cha thamani kama hicho, kifikiwe na kila mtu?

3. Zoezi la kengele. Tunayo kengele moja, kipande cha chuma kilichoning'inizwa nje ya ofisi, na ndiyo ya kuamkia, ya vipindi, ya chakula na ya moto. Aliomba igongwe, ikagongwa. Wanafunzi mia mbili na kumi walitoka mbio, kila mmoja na sahani yake, wakapanga mstari mbele ya jikoni, wadogo mbele, wakubwa nyuma, kabla dakika mbili hazijaisha. Mpishi naye akapigwa na butwaa, akaanza kupakua. Machozi yalinilengalenga kwa nidhamu ile. Yeye akaandika "wamefeli", akaongeza kwamba moto wa shule mara nyingi huanzia jikoni, kwa hiyo sisi tumewafundisha watoto kuukimbilia. Kejeli kama hizo hazimfai mtumishi wa umma.

4. Nondo za madirishani. Anataka zikatwe. Nondo hizo waliziomba wazazi wenyewe, na fundi aliyezichomelea ni shemeji yangu, mtu asiyelipua kazi. Mwizi hapiti, paka hapiti. Nilimweleza binti huyo kwa upole kwamba bweni lisilopenyeka na paka, moto utapenya wapi? Akageuza ukurasa.

5. Mlango wa nyuma wa bweni, pamoja na godoro. Hili ndilo lililonichoma zaidi. Mlango huo naufunga kwa kufuli kila jioni, kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu kuna wakati wasichana walikuwa wakiutumia kwenda kununua vitafunio ng'ambo ya uzio. Ufunguo nakaa nao mimi. Nyumba yangu iko upande wa pili wa kiwanja cha mpira, si mbali, na mimi bado ni mkakamavu. Nilimhakikishia kwamba likitokea la kutokea, nitafika mara moja.

Akaniomba nimwonyeshe. Mimi, kwa kutokuwa na hila, nikakubali. Nikaufunga mlango, nikaenda kukaa sebuleni kwangu, yeye akabaki uani pa bweni na saa yake, na kipande cha godoro kuukuu alichoomba kwa matroni, si kikubwa, cha kukalia mtu mmoja. Filimbi ikalia. Nikavaa viatu, nikatafuta miwani, nikakatiza kiwanja. Shada langu lina funguo kumi na tisa, na ule wa bweni ulikuwa wa nne kuujaribu. Nahesabu hilo kuwa bahati. Kumbe filimbi ilipolia ndipo alipokitia moto kile kipande. Nilipogeuka kumwambia nimeshafungua, pale chini palikuwa pamebaki jivu jeusi lililoganda, na moshi wake ulikuwa bado unatukohoza hapo nje kwenye upepo.

Wasichana walikuwa wamesimama wakitazama. Ndugu Mkuu, wanafunzi wangu hucheka hata nikijikwaa. Siku hiyo hakucheka hata mmoja. Naona si sawa kuwaonyesha watoto mambo ya namna hiyo, halafu wakalale.

6. Kwa kuwa upungufu wote anaoudai unatokea tu pale moto unapokuja ovyo, naleta pendekezo. Kituo chako kielekeze kwamba moto wowote unaokusudia kuja shuleni kwetu uje siku za kazi, kati ya saa mbili asubuhi na saa saba mchana, nikiwa ofisini na funguo zangu zote, baada ya kutoa taarifa ya maandishi. Moto utakaokuja nje ya saa hizo utakuwa umevunja kanuni ya tisa ya shule, iliyobandikwa kila darasa, inayosema moto ni marufuku. Sisi upande wetu tumetimiza wajibu.

Nisalimie madereva, wavuta mipira, na mama watoto. Hata huyo mkaguzi msalimie. Sina kinyongo naye.

Wako katika kulinda nidhamu na mali za shule,

Mwalimu Mkuu

N.B. Barua hii imeshapigwa muhuri na kuandikwa daftarini, siwezi kuifuta. Basi soma hapa, huko juu kuache.

Jumanne ileile, baada ya lile godoro, nilikwenda kwa fundi nikachonga ufunguo wa pili wa mlango wa nyuma. Nikautia kwenye kamba ya kiatu, nikamvalisha binti yangu shingoni, ndani ya sare, na kitanda chake nikakisogeza hadi mlangoni. Sikumwambia mtu, hata matroni. Jumapili mtoto akaniletea ufunguo, akauweka mezani. Akasema, bila hasira, kwamba hauna kazi, kwa sababu kufuli iko upande wa nje.

Miaka kumi na minne naifunga kufuli ile, na sijawahi kujiuliza mimi nasimama upande gani. Nimeona haya mbele ya mwanangu, na nimeogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Kufuli nimeing'oa. Iko hapa mezani ninapoandika. Nondo siziwezi peke yangu, na shemeji alizichomelea vizuri mno. Mlete yule binti, aje na mtu wa kukata vyuma. Leo ikiwezekana. Asitupe taarifa.