Boksi la Mseto Mnadani Nkoaranga

Abdiel wa Sokon One, Arusha mjini, hakuwahi kuiba. Tuanze hapo, maana ukimwita mwizi anaumia roho kabisa. Watu walimpa hela kwa hiari yao, wakicheka, wengine wakamshukuru na soda juu. Kama baadaye walilia, basi hayo yalikuwa machozi yao, yeye alikuwa ameshaondoka. Shingoni alivaa kitambulisho cha semina ya ufugaji nyuki, semina aliyoingia wakati wa chakula tu, akakigeuza upande usio na maandishi, na mtaa mzima ukamwita Injinia.

Siku moja alikuwa kwa kinyozi, kichwa kimenyolewa nusu, aliposikia kilio cha Stanley, fundi wa mageti.

"Hawa watu wa ving'amuzi watanizika," alisema Stanley. "Ligi ya kwetu iko king'amuzi hiki. Waingereza wako kile. Klabu bingwa Ulaya wameipeleka kwenye app, na app nayo inataka bando. Jamani, mpira si ule ule mmoja?"

"Si ununue kifurushi kikubwa?" kinyozi akauliza.

"Ninacho! Kuna chaneli humo mzungu anavua samaki kutwa nzima, akimpata anamrudisha majini. Na mimi nalipia! Mechi ninayoitaka nikibonyeza, wananiambia nipande kifurushi cha juu yake."

Waliokuwa kwenye benchi wote wakaguna, kila mmoja na kilio chake cha kulipia. Abdiel hakuguna. Alikuwa anawahesabu waliovaa viatu vizuri. Alitoka pale bila kusubiri upande wa pili wa kichwa, akalazimika kurudi baadaye kwa aibu.

Wiki ile ile aliuza bodaboda yake. Ndiyo, ile ile iliyokuwa inamlisha. Akalipia ligi zote tatu, halali kabisa, mpaka msimu uishe, akaziweka zote ndani ya boksi moja dogo jeusi. Ukiliwasha, unachagua mechi kama unavyochagua nyanya. Hilo lilikuwa boksi la kuonyesha. Mengine aliyoyapanga kwenye begi yalikuwa plastiki tupu, kila moja lina kijitaa chekundu cha betri na jiwe la Mto Themi ndani ili lipate uzito. Yote akayapa jina moja: Mseto. Mteja angeona la kweli likifanya kazi, angelipa, angepewa la jiwe ndani ya nailoni yake, na Injinia angekuwa ameshafika wilaya nyingine. Sharti lilikuwa moja tu: boksi la kweli lisitoke mikononi mwake. Bila hilo hakuwa na biashara, wala bodaboda ya kurudia.

Akaona aanzie mlimani, Nkoaranga, ambako hakuna aliyekuwa akimdai bado. Huko alikuwepo Mama Violet, Mchaga aliyeolewa Umeruni, mwenye kibanda umiza, banda la kuonyeshea mpira kwa kiingilio, cha mabati na mabenchi. Uwezo wake ulikuwa wa king'amuzi kimoja tu. Siku ambayo mechi iko kwingine, wateja wake waliteremka Tengeru wakamwachia mabenchi na mbuzi wa jirani. Kibanda kilikuwa kinakufa, na kila mtu kule alijua.

"Shikamoo mama," Abdiel alimwamkia Jumamosi mchana.

"Marahaba. Wewe ndiye Injinia wa boksi?"

"Ndiye. Unalipa mara moja tu, mama. Hulipi tena mpaka unaingia kaburini."

Akalichomeka. Ligi ya nyumbani, hii hapa. Waingereza, hawa hapa. Ulaya, hao. Vijana waliokuwa wanacheza bao nje waliingia bila kuitwa.

"Na wenye ligi zao wanajua?" akauliza Mama Violet.

"Mama, mvua ikinyesha shambani kwako, huwa unauliza wingu ni la nani?"

Watu wakacheka mpaka mmoja akapiga bati kwa kofi. Mama Violet naye alicheka, lakini macho yake hayakutoka kwenye begi.

"Bei?"

"Laki mbili. Kwa kuwa ni wewe, laki na nusu."

"Na langu ndiyo hili?"

"Hili la maonyesho limeshachezewa, mama. Wewe nakupa jipya, bado liko kwenye nailoni."

Mama Violet akaitazama nailoni, akalitazama boksi. "Sawa. Hela nakupa kesho baada ya ibada. Ila hili liache hapa mpaka kesho, vijana waone mechi ya jioni. Ukiling'oa sasa hivi watanichomea banda."

Abdiel alitaka kukataa. Mdomo ulishafunguka. Ndipo mikono ikaanza kunyooshwa kwenye mabenchi: na mimi Injinia, na mimi nataka, kesho baada ya ibada nakuletea hela! Akawatazama wote wale, akayapigia mahesabu mawe yake. Tamaa aliyozoea kuipanda kwenye mashamba ya wenzake, leo ikamwotea kwake.

"Basi libaki," akasema. "Ila usilitoe hapo lilipo."

"Nilitoe niende nalo wapi, baba?"

Jumapili alipanda na begi lake, mawe yakimkata bega. Banda lilikuwa limefungwa. Akafuata njia ya mtelemko na mpando mpaka kanisani (usharika wenyewe sitautaja, wana watu wakali), akakuta ibada imekwisha na waumini wako nje kwenye mnada.

Kwa wasioujua mlima, nieleze. Kule sadaka si hela tu. Mwenye ndizi analeta mkungu, mwenye kuku analeta kuku, ibada ikiisha vinapigwa mnada uwanjani. Na mnunuzi muungwana haondoki na alichonunua. Anamzawadia mtu, au anakirudisha mezani kiuzwe tena. Lipo yai lililowahi kuuzwa na kurudishwa mpaka likapita bei ya kuku aliyelitaga, na wenyewe wakaona ni neema.

Mezani, katikati ya mkungu wa ndizi mshare na jogoo aliyefungwa miguu, lilikaa boksi dogo jeusi. La kweli.

"Mama Violet ametoa shukrani!" alipaza sauti Mzee Philemoni, mzee wa kanisa na mpiga mnada. "Boksi la ligi zote! Ukilinunua hili umemaliza kulipa duniani, utabaki kulipa mbinguni tu!"

Abdiel akajipenyeza mpaka kwa Mama Violet. "Mama! Lile ni langu!"

"Si ulisema langu liko kwenye nailoni, tena jipya? Nikaona Bwana nimpe lililotumika kidogo, hatakasirika. Kwani hayafanani?"

Mnaona wenyewe. Akisema hayafanani, amejifunga. Akisema yanafanana, boksi linakwenda. Hofu ilimshika kweli kweli, ile ya mtu anayeona maisha yake yamewekwa karibu na jogoo. Akafanya alichobakiwa nacho: akanyoosha mkono.

"Elfu kumi!"

"Hamsini!" akajibu mkulima mmoja wa kahawa, aliyewashuhudia Waingereza jana kwa macho yake.

"Sitini!"

"Laki!"

Ikapanda. Mfukoni Abdiel alikuwa na salio la hela ya bodaboda, laki moja na themanini, na alipoitaja yote yule mkulima akatikisa kichwa na kukaa. Vigelegele! Abdiel akalipa palepale, akaliwahi boksi kwa mikono miwili.

"Mgeni wetu anamzawadia nani?" Mzee Philemoni akauliza.

"Nalichukua mwenyewe."

Jogoo peke yake ndiye aliyesema kitu.

"Analichukua mwenyewe?" bibi mmoja akamuuliza mwenzake. "Aisee, huyu kazaliwa wapi?"

"Anatania!" Mzee Philemoni akaokoa heshima ya mgeni, na akiokoa hivyo alishamnyang'anya boksi. "Mgeni amelirudisha mezani! Liuzwe tena!" Kwaya ikadaka wimbo, akina mama wakamzunguka Abdiel wakimpepea kwa khanga, na mkulima wa kahawa akaanza upya na nguvu mpya.

Safari hii Abdiel hakuwa na hata nauli. Bei ilipofika laki na tisini, akapiga kelele laki mbili kabla hajafikiri, akachomoa simu. "Naweka rehani!"

Rehani ikapokelewa kwa amina. Simu ikapelekwa kufungiwa kwenye kabati la kanisa, na humo ndani ya simu zimo nywila zote za ligi zote tatu.

"Sasa mgeni wetu, unamzawadia nani?"

Abdiel alikuwa amelikumbatia boksi. Mama Violet akasogea ubavuni kwake, akainua begi kwa mkanda wake, taratibu, kisha akalishusha. Ndani mawe yakagongana.

"Injinia," alinong'ona, "mbona Miseto yako inalia kama kokoto? Nilifungue hapa hapa, au?"

Abdiel akawatazama watu waliokuja na hela zao zimekunjwa kwenye leso na kwenye Biblia. Wengi. Wakulima, wana mikono mipana. Wameshaimba, hawana haraka.

"Namzawadia," alisema, "namzawadia Mama Violet."

Vigelegele vya safari hii vilisikika mpaka hospitali ya Nkoaranga. Mama Violet akapokea kwa magoti, kama inavyotakiwa, kisha akawatangazia waliotaka kununua maboksi kuwa mzigo wa Injinia umeingia kasoro, hela zao wazirudishe mfukoni, mpira wote sasa uko kwake kwa kiingilio cha buku, elfu moja tu.

Akamsindikiza mpaka mwanzo wa njia ya kushuka. Roho ya Abdiel ilikuwa inamuuma vibaya, si uongo.

"Ulijuaje, mama?"

"Nimeuza mitumba soko la Kilombero kabla sijaolewa. Belo lolote, nguo nzuri inapangwa juu, wanunuzi waione. Mimi jana nikachukua ya juu."

"Na simu yangu?"

"Siku ukileta hela ya Bwana utapewa. Shuka polepole, baba, hilo begi lisikuvute."

Hela ya Bwana hakuipata, maana kila alipoikusanya tumbo lilitangulia. Miezi ikapita. Ikafika Jumamosi ambayo watani wa jadi wanacheza jioni na Waingereza nao wanacheza siku hiyo hiyo, na Sokon One yote kila mtu ana nusu ya kifurushi. Abdiel alivumilia mpaka saa tisa. Kisha akapanda mlima.

Banda lilikuwa limeongezwa mabati na benchi za nyuma. Mama Violet alikuwa mlangoni na kikopo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Injinia. Kiingilio buku."

"Mama! Mimi? Si ni mimi niliyelipia..."

"Ulitoa sadaka. Umeshaona wapi mtu anaingia kanisani anaangalia sadaka yake inavyotumika? Buku, baba, wenzako wanasubiri nyuma yako."

Akatoa buku. Akabanwa kwenye benchi kati ya watu wawili wasiomjua, mmoja anatafuna muwa.

"Huyu mama ni noma," akasema yule wa muwa. "Ligi zote tatu, kila wiki, hazikatiki. Sijui analipaje."

"Kuna watu wana moyo wa kutoa," akasema Abdiel, na hapo hapo timu yake ikafungwa.