Mkwe Hatazamwi Usoni, Hata Mbugani

Jumatano, 6 Agosti

Mimi nina bahati ya mtende kuota jangwani! Nimemwalika mama mkwe twende mbuga ya Mikumi siku ya Nane Nane. Kakubali bila kubembelezwa. Wanaume wengine hupeleka wazee na kuku ndipo waitikiwe marahaba.

Lea, mke wangu, yuko kwao Mamboya tangu Juni. Kisa kidogo tu. Nilisema nimeajiriwa kuongoza watalii, naye akawatangazia akina mama wenzake kanisani. Kazi haikuwepo. Ilikuwa njiani! Sasa neno la mwisho analo mama yake, Bi Hildegarda. Akisema rudi, Lea anarudi. Akisema kaa, naendelea na ugali wangu wenye mabonge.

Gari ni Noah ya Cornel. Huyu kaoa dada yake Lea. Watu wanampenda, sijui kwa lipi.

Alhamisi, 7 Agosti

Mkwe anapenda miti kuliko wanyama. Uani kwake hakuna kopo lisilo na ua. Basi nimejiandaa kwa majina ya kitaalamu. Shule niliishia la saba, lakini dunia nimeitembea: Dodoma, Morogoro, Dar mara mbili. Mkumi nitauita Mikumia Tanzanika. Mpingo, Pingosia Tanzanika. Nikikwama popote, naongeza Tanzanika.

Cornel kapiga simu kuuliza majina hayo nimeyapata wapi. Chuoni, nikamwambia. Akauliza chuo gani. Mtandao ukakatika. Niliukata mimi.

Ijumaa, 8 Agosti

Balaa!

Kwetu mkwe hatazamwi usoni. Ndiyo heshima. Kwa hiyo Bi Hildegarda nyuma peke yake, sisi wakwe wawili mbele, shingo zimenyooka kama nguzo za umeme. Cornel kageuza kioo cha ndani kitazame paa la gari. Nikaona amenizidi heshima. Nikashusha kofia mpaka machoni. Ndiyo maana tembo wa kwanza sikumwona.

Bwawa la viboko, ruhusa kushuka. Tukasikia mlango wa nyuma: kwaa, kwaa. Mkwe kashuka. Sisi macho mbele. Baada ya kitambo: kwaa, kwaa. Mkwe kapanda. Cornel akatia moto.

Hapo mashindano yakaanza. Cornel akisema mama, nyati yule, mimi nasema nyati dume, wa ukoo bora. Akisema twiga, mimi nautaja mti anaoula, na Tanzanika yake. Nyuma kimya. Nikafurahi! Mkwe hajibizani na wakwe. Kimya chake ni sifa.

Nikapata ujasiri. Nikamwambia mama, nyumba bila Lea imepooza. Kikombe chake nakiosha kila asubuhi ingawa hakinywewi. Hata kuku wamepunguza kelele. Nirudishie mwenzangu, mama. Cornel akafuta macho. Mimi pia, lakini yangu yalikuwa na vumbi.

Tukasimamishwa na askari wa hifadhi. Akauliza namlilia nani. Nikajibu, mkwe wangu. Akachungulia nyuma. Akasema anaona blanketi tu.

Tukageuka kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Kilosa. Blanketi!

Mama mzazi wa mke wangu nimemwacha na viboko! Njia nzima Cornel anaomba Mungu, mimi naahidi mambo ambayo hata Mungu anajua siyawezi. Akilini nilimwona Lea kavaa nguo za msiba, ananitazama.

Tulimkuta bwawani na kwaya kutoka Msowero, katikati ya sauti ya pili, anaimba! Mlango ule wa mara ya pili alikuja kuchukua ndoo ya maandazi, awagawie. Basi lao likamzungusha mbugani, likamrudisha. Kaona simba watatu. Sisi hata mkia hatujauona.

Alicheka mpaka khanga ikadondoka. Sisi tukampa mgongo, heshima ni heshima. Mwanakwaya mmoja, Magreti, akawa wa kupeleka maneno. Hapo Cornel kanishangaza. Akamsimulia Magreti yote niliyoliambia blanketi: kikombe, kuku, yote. Hakupunguza neno. Kicheko kikakoma nyuma yetu. Kisha Magreti akaleta jibu: “Mama anasema, mwambie huyo kichwa maji, Lea atakuja Jumapili. Ila uongo akome!”

Nikaapa. Kwa sauti, kwaya nzima ikasikia.

Jumapili, 10 Agosti

Lea karudi! Kashuka kwenye bodaboda na beseni la miche kutoka kwa mama yake. Kakishika kikombe, kakigeuza, kasema hakijang'aa hivi tangu kinunuliwe. Ugali wa leo laini kama pamba.

Jioni jirani Octavian kaja kutusalimia. Nikamsimulia jinsi nilivyomwalika mkwe, simba watatu nikamwonyesha mwenyewe kwa kidole, na hifadhi sasa inanibembeleza nikawasaidie upande wa miti. Lea akaangalia dirishani. Ananistahi sana yule mwanamke.

Ila humu niandike ukweli: mkwe alialikwa na Cornel. Mimi nilidandia.