Mapafu ya Mfano

Idara ya Radiolojia ya hospitali ya chuo kikuu ilitangaza kwa furaha kubwa kwamba, baada ya vikao ishirini na viwili na semina elekezi mbili, hatimaye imegundua njia ya haki ya kuwapandisha madaktari vyeo. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa lifti, mahali panapofaa sana, kwa kuwa lifti hiyo haikuwahi kufunguka tangu ifunguliwe rasmi.

Daktari waliyemwita Mama Picha alilisoma akiwa na kikombe cha chai mkononi. Alikuwa mhadhiri wa kawaida kwa mwaka wa kumi na moja. Eksirei za hospitali nzima zilipita machoni pake, lakini kazi hiyo haikuwa na alama hata moja ya kupandia cheo. Waraka wa vyeo ulieleza vizuri tu kwamba kusoma picha za wagonjwa humchelewesha mtaalamu kuandika makala kuhusu kusoma picha za wagonjwa. Wenzake waliowahi kuacha kusoma picha walishakuwa maprofesa.

"Omba tena," mumewe alimwambia kwenye simu. "Wakikunyima, tutajua moja."

"Nimeomba mara sita, baba watoto."

"Basi ya saba wachoke wao."

Njia ya haki ilikuwa mtihani wa picha kumi. Mkuu wa Idara aliuandaa mwenyewe. Picha ya tisa, iliyotakiwa kuonyesha kifua kisicho na tatizo, ilikosekana. Akavua koti, akapigwa eksirei yeye mwenyewe. "Mapafu ya mfano," aliiambia kamati, akaandika "nzima" kwenye mwongozo wa kusahihishia bila kuitazama. Hakuwa ametazama picha kwa miaka tisa, na hakuona sababu ya kuvunja rekodi.

Mama Picha alipofika kwenye picha hiyo isiyo na jina, alisogeza kiti. Akaikuza. Nyuma ya mtulinga wa kulia palikuwa na doa, dogo kama punje ya mtama. Aliandika: "Si nzima. Mtu huyu aitwe leo."

Alipata tisa kwa kumi. Alama ya kufaulu ilikuwa kumi.

"Wewe ni mtu wetu," katibu wa kamati alimwambia kwa upole mbele ya kikao, akimsogezea kalamu. "Futa hiyo sentensi, andika 'nzima,' cheo unacho. Nani atajua?"

Mama Picha aliitazama ile kalamu. Kisha akamfikiria mtu mwenye lile doa, pengine yuko mahali anapanga safari.

"Sifuti. Mwiteni mwenye kifua."

"Mwenye kifua yupo!" Mkuu alipiga meza. "Kifua hicho ni changu!"

Halafu akasikia alichosema mwenyewe.

Mkono ukamwenda kifuani, jambo ambalo halikuwa kwenye ajenda. Mkuu akauliza, sauti imemshuka, kama anaweza kufanyiwa sitiskani sasa hivi. Katibu akapekua mafaili. Kwa mujibu wa waraka aliousaini Mkuu mwenyewe, kipimo hicho huombwa tu na mhadhiri mwandamizi aliyesoma angalau picha mia moja mwaka huu.

"Wenye cheo hawana picha, Profesa," alisema. "Na mwenye picha hana cheo."

Mama Picha alipandishwa cheo ndani ya dakika nne, akidi ikiwa imetimia kwa kumwita mfagizi ashuhudie.

"Hongera, Mhadhiri Mwandamizi," Mkuu alisema akimsogezea fomu ya kipimo. "Sasa saini, dada yangu, tafadhali."

Akasaini. Iingie kwenye kumbukumbu kwamba doa lilikuwa baya ila changa, na wiki iliyofuata lilitolewa lote. Lakini hayo ni ya baadaye. Asubuhi ile Mama Picha alimsindikiza mwenyewe mpaka kwenye korido ya vipimo, Mkuu akiwa ndani ya gauni la wagonjwa, mkono mmoja umeshika kamba za nyuma zisifunguke. Mkuu akaipita foleni, akaelekea mlangoni moja kwa moja.

"We baba, wapi?" aliuliza mama mmoja mwenye mguu wa plasta. "Wenzio tuko hapa tangu alfajiri."

"Mimi ni Mkuu wa Idara."

Mama yule akamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye miguu mitupu.

"Pole sana," alisema, akasogea kidogo kwenye benchi. "Na mimi mwaka jana homa ilinipanda kichwani hivyo hivyo. Kaa hapa, watakuita."