Mto wa Uji kwenye Ukuta wa Mashine

Jumatatu, 17 Novemba 2003

Nimepata njia! Ilikuwa imefungiwa dagaa.

Mama karudi sokoni na dagaa wa Nyasa ndani ya kipande cha gazeti. Nikakikunjua kabla mafuta hayajakimaliza. Chama cha wasanii cha Dar es Salaam kinatafuta vijana sita wa kufundishwa kuchora na kutumia kompyuta. Miezi sita, chakula na malazi juu yao. Mchoro uwe kazi ya jamii, usichafue mazingira, na picha yake ifike kwa barua pepe kabla ya saa kumi jioni, tarehe 25. Sijawahi kutuma barua pepe. Sijawahi hata kuiona. Lakini jamii ipo, naisikia hapo nje ikigombana na kuku.

Nikamweleza Baba wakati anakula. Baba alikuwa karani wa chama cha ushirika mpaka kilipokufa, kwa hiyo hapendi kitu chochote kinachoitwa chama. Alitafuna taratibu. Akasema kidato cha nne nimemaliza, na Shangazi Kunegunda ananisubiri Mbinga anifundishe cherehani. Nikaangalia sakafu. Labda sakafu ilimtia huruma, maana akaongeza:

“Mtu mmoja tu, Walburga. Mtu mmoja aje mwenyewe hapa mlangoni aseme namtaka binti yako anichoree. Asipokuja, tarehe moja Desemba unapanda basi.”

Wiki mbili! Tatizo ni kwamba wageni wakipiga hodi mimi hukimbilia jikoni. Nitaufanya ukuta useme badala yangu.

Jumatano, 19 Novemba

Ukuta nimepata. Ni wa mashine ya kusaga ya Mama Ida, hapa Matogoro, mahali ambapo kila mtu husimama foleni na debe lake. Nilimkabidhi ombi kwa maandishi. Akalisoma, akaligeuza, akauliza kama siku hizi nimekuwa bubu. Kisha akakubali, ila nisimchore yeye kwa nyuma.

Nitachora mlima wetu na misitu yake, na mto unaotoka humo. Rangi natengeneza mwenyewe, hakuna hata kopo moja la kutupa. Nyekundu ni udongo wa Ruhuwiko. Nyeusi ni mkaa. Kijani ni majani ya maharage yaliyotwangwa. Nyeupe ni ule udongo wa bondeni ambao bibi zetu walipakia nyumba kila Krismasi. Gundi ni uji wa mahindi. Na ili uji usichache, nimetia chumvi. Pakiti mbili kila ndoo. Hakuna aliyenifundisha hilo. Nimelibuni!

Egidi alipita na baiskeli, makopo yakigongana nyuma. Yeye ndiye anayepaka rangi maduka ya Majengo, mjini, siku hizi, hili kwa rangi za kampuni ya simu, lile kwa rangi za soda, mpaka huwezi kujua duka linauza nini. Alinusa ndoo yangu. “Fundi uji,” akasema, “kikombe shilingi ngapi?”

Nilipata jibu zuri sana. Saa mbili baadaye.

Ijumaa, 21 Novemba

Leo nilikwenda Majengo kwa Abdulatifu, mtu wa Tunduru mwenye duka la intaneti. Kompyuta mbili, moja nzima. Yeye ndiye pekee ninayemfahamu mwenye kamera ya dijitali. Hotuba yangu nilikuwa nimeiandika, nikaisoma macho kwenye kibodi. Abdulatifu alisikiliza mpaka mwisho, akanifungulia anwani ya barua pepe, na akaahidi kuja Jumanne saa tatu asubuhi kupiga picha na kuituma. Ila akasema mwezi ukiandama Jumatatu, Jumanne itakuwa Idi na duka atafunga. Kwa nini asije Jumatatu?

Nikatikisa kichwa. Jumatatu rangi haitakuwa imekauka vizuri. Halafu kalenda yetu ya jikoni inasema Idi ni Jumatano. Kalenda imechapishwa kiwandani. Mwezi haujachapishwa popote.

Niliporudi nikabandika tangazo kwenye mlango wa mashine: JAMII YOTE INAALIKWA KAZI YA UKUTA, JUMAMOSI SAA MBILI. Nimealika watu wote wa Matogoro bila kufungua mdomo!

Jumamosi, 22 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Huku kwetu anayealika watu kazini huandaa cha kunywa. Najua. Nimelijua tangu utoto. Jana sikulikumbuka hata kidogo.

Walikuja watu ishirini na tatu, wengine na majembe. Babu Tadei, jirani yetu mwenye mbuzi, alikuja na kikombe chake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akauliza togwa liko wapi. Nikanyoosha kidole kuonyesha ukuta. Kati ya kidole na ukuta kulikuwa na ndoo ya rangi nyeupe ya mto.

Alichota. Akanywa. Akafunga macho.

“La huyu mtoto lina chumvi,” akatangaza, “lakini linakaa tumboni.”

Foleni ikapangwa. Mimi nilisimama pembeni nikisema hapana, hapana, kwa sauti ambayo mimi mwenyewe sikuisikia. Ndoo ikaisha. Mto wangu wote, wameunywa! (Hakuna aliyeumwa. Mama mmoja mjamzito aliniomba aende na mabaki nyumbani.)

Lakini desturi ile ile ina upande wa pili: aliyekunywa lazima afanye kazi. Hakuna aliyeondoka. Walipaka mlima, walipaka misitu, walibishana kuhusu kila mti. Mama Ida akafagia unga uliotanda kwenye kuta za mashine, akaukoroga ukawa uji mzito, nyeupe mpya. Nikautia chumvi, pakiti tatu kwa usalama. Wanawake wakauchora mto kwa viganja, kutoka kileleni mpaka chini kabisa, karibu na ardhi. Kila kiganja kinaonekana. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile, na sehemu kubwa sikuchora mimi.

Jumapili, 23 Novemba

Baada ya misa watu walipita kuangalia. Walitafuta viganja vyao. Egidi alikuja na suti, akatazama muda mrefu, mikono nyuma. Akasema mlima umepinda. Akaondoka. Kisha akarudi akatazama tena!

Baba aliuliza kama kuna mtu amekuja mlangoni. Nikasema bado.

Jumatatu, 24 Novemba

MBUZI.

Mbuzi kumi na wanne wa Babu Tadei. Walianza asubuhi, wakasimama mstari mmoja kama watu wa foleni, wanalamba mto. Niliwafukuza wakaenda nyuma ya mashine, wakatokea upande wa pili. Nilisimama mbele ya ukuta nimenyoosha mikono. Wakanilamba mikono. Hadi saa sita mto ulikuwa umekauka mpaka kimo cha kiuno.

Babu Tadei alikuja kuwachukua. Nilidhani ataomba radhi. Alisimama tu akiwatazama wanavyokula, akasema tangu kiangazi kianze hajawaona na hamu namna hiyo.

Nimeziba mto kwa uji mpya. Na chumvi, usije ukachacha.

Jioni watoto wa Majengo walipita barabarani wakipiga kelele. Mwezi umeandama. Nimeigeuza kalenda ya jikoni ikaangalia ukuta.

Jumanne, 25 Novemba

Saa nne nilikuwa mlangoni kwa Abdulatifu, Majengo. Alinifungulia mama yake, Bi Mwamvua. Akasema karibu mwanangu, akaniketisha mkekani, akaniwekea pilau. Nilifungua mdomo kueleza shida yangu. Akaniongezea pilau. Nilifungua tena. Akaongeza nyama. Wageni walikuwa wanaingia na kutoka, Abdulatifu anasalimiana na kila mmoja, na mimi nakula huku saa ya ukutani inatembea. Saa saba. Saa saba na nusu. Tumbo limejaa, karatasi ya hotuba nimeisahau nyumbani, na mbele yangu niliona cherehani ya Shangazi inazunguka yenyewe.

Nikasimama.

“Kaka Abdulatifu,” nikasema, “mbuzi wanaumaliza mto.”

Sentensi nzima! Mbele za watu, bila karatasi!

Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Kisha akachukua kamera na funguo za pikipiki, kanzu yake nyeupe ikipepea njia nzima hadi Matogoro. Mbuzi walikuwepo, bila shaka. Nikamwomba asubiri niwafukuze. Alikuwa ameshabofya. Akajaribu tena, betri ikafa. Picha moja tu, na mbuzi watano ndani yake!

Tulifungua duka. Nikaandika jina la kazi kwa kidole kimoja: Mto wa Jamii. Sikuwataja mbuzi, nikitumaini Dar hawatawaona. Imetumwa saa kumi kasoro dakika sita.

Ijumaa, 28 Novemba

Wamejibu. Simo kwenye sita.

Nililia kidogo. Abdulatifu aligeuza feni inielekee, akasema nisome mpaka chini. Chini wameandika kwamba wamekaa nayo muda mrefu, ile picha ya mbuzi wanaokunywa mto uliochorwa mpaka ukakauka. Wanasema hawajawahi kupata onyo la wazi hivyo kuhusu vyanzo vya maji, na rangi isiyoacha taka hata kidogo. Wameiweka kwenye tovuti yao.

Tuliifungua. Ilichukua dakika kumi na moja. Kwanza kilele, mlima umepinda kweli. Kisha misitu. Kisha pembe. Chini kabisa, jina langu lote. Sasa mimi ni msanii wa mtandao.

Baba alisikiliza habari yote. Akauliza kama mtandao umekuja mlangoni.

Jumapili, 30 Novemba

Begi lilikuwa limefungwa tangu mchana. Mama ametia sindano na uzi. Saa kumi na moja, hodi. Nikakimbilia jikoni.

Ilikuwa sauti ya Babu Tadei. Aliuliza habari za nyumbani, za shamba, za mvua. Nikaweka sikio kwenye mlango.

“Bartolomeo, namtaka binti yako anichoree zizi,” akasema. “Ndani, kuta zote nne. Mbuzi wangu hawakai tena nyumbani, wanashinda mashineni kwa ajili ya ile rangi yake. Bora wailambe kwangu.”

Nikamsikia Baba akicheka, jambo ambalo sijalisikia tangu ushirika ufe. Akasema alisema mtu mmoja, na mtu mmoja amekuja. Akaingia ndani akalifungua begi mwenyewe.

Nina kazi! Ya kwanza! Siwezi kumwangusha Babu Tadei, kwa hiyo nimekaa jikoni jioni nzima nikitafakari kosa langu. Nimelipata. Ni chumvi. Safari hii sitatia hata punje, na nitaongeza pilipili kichaa, ili mbuzi wasiziguse kuta zake kabisa. Sijamwambia. Atafurahi mwenyewe akiona.

Tangazo nimeshabandika kwenye mlango wa mashine: jamii yote inaalikwa, Jumamosi saa mbili. Nyeupe nitaiweka kwenye ndoo, hapo hapo mlangoni pa zizi, kila mtu aione.