Kuku wa Madoa na Ukurasa wa Nyuki

Jumatatu, 3 Agosti

Tumsifu Yesu Kristo, dada Kageha. Goti lako linasemaje huko Butere? Nauliza goti kwanza, kwa sababu moyo wako najua haujawahi kuugua. Daftari letu limefika salama kwa mkono wa mama wa maziwa, linanukia mtindi. Sasa ni zamu yangu kulijaza siku zangu na kulirudisha.

Habari kubwa. Maktaba yetu ya jamii, ile yenye mabati ya kijani nyuma ya soko, imeanza vipindi vya likizo. Vya kila mtu! Watoto wanapewa hadithi asubuhi, vijana kompyuta, wazee wanafundishwa simu zao, na sisi watu wazima ni kusoma, saa nane mchana. Bure. Nimejiandikisha. Wameandika jina langu lote kwa kalamu ya bluu. Mungu ni mwema.

Sababu unaijua. Macho ya Pascalia. Ukungu umefunika yote mawili na zamu yake ya upasuaji ni Septemba. Miaka ishirini na minane mke wangu amenisomea Injili jioni, nami nimekaa nasikiliza kama askofu. Sasa msomaji ni mimi. Kuandika naandikanga vizuri tu, kwa sababu ninachoandika nakijua tayari. Cha mtu mwingine ndicho kinanishinda. Jana niliruka majina manne ya manabii na mto mmoja. Pascalia akauliza, kwa upole, hao watu wamefikaje ng'ambo na hakuna mahali wamevuka.

Msimamizi anaitwa madam Lynette. Binti mpole, sauti yake inaweza kumwamsha mgonjwa bila kumshtua. Ametupa kadi za visanduku kumi. Unasoma kitabu, unamweleza kimesema nini, anagonga muhuri. Ijumaa tarehe 21 tunafunga: kila mtu atasoma ukurasa mmoja mbele ya watu, halafu chakula. Mtu mzima atakayejaza kadi kwanza atawekewa imondo. Firigisi yenyewe, kipande cha mwanamume wa heshima, dada, mbele ya umati! Mimi ni mtoto wa tano. Unajua kwetu ilikuwa inaishia kwa nani.

Pascalia amesema atakuja kunisikiliza. Atakaa mstari wa mbele. Usingizi umenihama tangu aseme hivyo.

Alhamisi, 6 Agosti

Andati pia amejiandikisha. Ndiyo, Andati fundi cherehani, wa mlango unaotazamana na wangu. Ana mihuri mitatu! Ameniambia nianze na maandishi ya pakiti ya chumvi, ni mafupi na hakuna anayekufa mwishoni.

Nikatumia akili. Rafu ya watoto ina vitabu vyembamba kama kaki ya komunyo. Nikachukua sita. Nilivimaliza vyote kabla ya chai, picha zilinisaidia sana.

Madam Lynette akaniomba nieleze kile cha kobe. Nikasimama. Mazoea mabaya, dada: mtu akinisimamisha mbele ya watu, mdomo unajiendea wenyewe. Nikasema Tumsifu Yesu Kristo. Chumba kizima kikaitikia milele na milele, amina. Basi! Nikatoa ushuhuda wa ile siku mto Isiukhu ulipotaka kunibeba na baiskeli. Robo saa. Bibi mmoja alifuta machozi. Kobe nilimkumbuka nilipokuwa nimeshaketi.

Alinigongea muhuri mmoja kwa huruma. Ni ule wa watoto, wenye sungura. Andati ameuliza kama siku ya kufunga mimi nitawekewa karoti.

Jumamosi, 8 Agosti

Leo nilimpelekea madam Lynette kuku. Shukrani tu. Binti anafundisha watu wazima bila kukunja uso, utamwachaje hivi hivi? Kama shukrani hiyo ingemkumbusha kadi yangu, ni yeye na dhamiri yake.

Nilichukua yule wa madoa wa Pascalia. Wangu sina.

Nilisahau kwamba Jumamosi maktaba ni ya familia nzima. Nilipofungua kikapu, kuku akatoka kama aliyeitwa. Akapita juu ya meza ya wazee na simu zao. Akapanda rafu ya dini. Watoto walifurahi sana. Sauti yake unaijua, ni ya mlango usiotiwa mafuta, na pale ukutani pameandikwa tunyamaze. Alikamatwa na Andati, kwa kitambaa cha suti. Ya mtu mwingine.

Madam Lynette alinishukuru kwa moyo wote. Kisha akaeleza kwamba wafanyakazi hawapokei zawadi, lakini maktaba inapokea michango. Akafungua kitabu cha michango. Juu yangu kulikuwa na kamusi mbili na ramani ya dunia. Akaandika: kuku mmoja. Atapikwa siku ya kufunga.

Kwa hiyo imondo ninayoitafuta iko ndani ya kuku wangu mwenyewe. Wa Pascalia, yaani.

Jumatano, 12 Agosti

Pascalia ameuliza mbona yule wa madoa hasikiki. Nikasema ametembea. Huo si uongo. Alitembea, ndani ya kikapu.

Muhuri wangu wa pili umepatikana, huu wa watu wazima. Andati ana saba. Ya kadi nimemwachia Mungu. Hofu yangu sasa ni ule ukurasa. Nikiruka mto mbele ya Pascalia, na watu wamejaa, nitaweka uso wapi? Atajua kwamba jioni zake zimekwisha mpaka Septemba. Na hata hiyo Septemba, daktari alisema tuombe.

Nimepata njia ya mkato. Tunaruhusiwa kuchagua ukurasa wenyewe. Nimechagua kitabu cha ufugaji wa nyuki, ukurasa wa 14, una picha kubwa na maneno machache. Nitaukariri wote, kama Salamu Maria. Siku hiyo nitashika kitabu tu kwa adabu, macho yatembee, mdomo ufanye kazi yake. Hakuna kusoma hata kidogo!

Tatizo, huwezi kukariri usichokijua. Kwa hiyo jioni nasoma ukurasa wa 14 kwa sauti, kidole chini ya neno, mara tano, mara sita. Pascalia anasikiliza akichambua mboga. Nikiruka, anasema nyuki hao wamekatika kiuno. Narudi. Kisha anataka kujua mbele kuna nini, kwa sababu malkia wa nyuki ameachwa mahali pabaya. Nikamsomea wa 15 ili anyamaze. Halafu wa 16. Kazi bure kabisa, hizo si kurasa zangu. Lakini mke akiomba utafanyaje.

Jumanne, 18 Agosti

Akili imekuja nikiwa kwenye misa ya asubuhi. Mvua! Kakamega hii, Agosti, saa tisa mchana mvua inakuja kama mfanyakazi wa serikali aliyeokoka, haichelewi. Na maktaba ni mabati. Ikinyesha, hata tarumbeta haisikiki. Nimemwomba madam Lynette anipangie kusoma saa tisa kamili. Akaandika bila kuuliza. Andati atanifuata.

Nyuki tumefika ukurasa wa 58. Pascalia amekataa kulala kabla ya kujua kama kundi lilipata mzinga mpya. Lilipata, ashukuriwe Mungu.

Hajauliza tena juu ya kuku. Hiyo inanitisha kuliko kuulizwa.

Alhamisi, 20 Agosti

Andati amejaza kadi. Kumi! Na bado hajatosheka: amechagua kitabu kile kile cha nyuki, maktaba ina nakala mbili. Ametugawia wote vipande vya kitenge tuwekee alama ya ukurasa. Vya njano vyenye samaki, kila mtu sawasawa. Akaniambia changu ni kirefu kidogo, ili nisipotee njiani.

Hapo shetani akapata nafasi, dada, sikufichi.

Vitabu vya kesho vimepangwa mezani. Nilibaki nyuma nikisema natafuta rozari. Nikachukua nakala ya Andati, nikahamisha kitenge mpaka ukurasa wa 63, wa magonjwa ya nyuki na uchavushaji, maneno marefu kama treni ya miwa. Nikarudisha. Hakuna aliyeniona. Nimesali malipizi njia nzima.

Ijumaa, 21 Agosti

Nitaandika taratibu.

Watu walijaa. Watoto sakafuni, vijana dirishani, wazee kwenye viti vya plastiki. Pascalia mstari wa mbele, kitambaa cheupe kichwani, mikono magotini. Saa tisa ikafika. Nikatazama nje. Mbingu nyeupe kama shuka la hospitali! Hakuna hata wingu la kukopa.

Nikaitwa. Nikafungua penye kitenge.

Ukurasa wa 63.

Nilihamisha changu, Kageha. Nakala ni mbili na samaki ni wale wale. Ukurasa wa 14 ningeutafuta, lakini vidole vilikataa. Nikamtazama Pascalia. Ameinua uso kidogo, kama anavyofanya jioni nikivuta kiti.

Basi nikaweka kidole chini ya neno la kwanza. Nikaenda. Polepole, kama mtu anayevuka kwa mawe. Kwenye uchavushaji nilisimama, nikapumua, nikapita. Nikageuza ukurasa kwa sababu sentensi ilikuwa haijaisha. Nilipoinua macho nilikuwa nimesoma kurasa mbili, na wa kwanza kupiga makofi alikuwa Andati.

Aliposimama yeye, mvua ikaja. Yote! Andati alisoma ukurasa mzima kwa nguvu, mishipa ya shingo imetoka, na hakuna binadamu aliyesikia hata neno. Nilimhurumia. Kidogo.

Kabla ya chakula, mvua imepungua, madam Lynette akasoma michango. Kamusi mbili. Ramani ya dunia. Kuku mmoja wa madoa, kutoka kwa Bwana Ignatius Shikanga.

Pascalia hanioni, lakini alinigeukia moja kwa moja kama mtu anayesoma bango.

"Madoa gani hayo, Baba Khaemba?"

Mbele ya watu wote. Nikasema ni yale yale. Akina mama wa jikoni wakaangua kicheko mpaka kifuniko cha sufuria kikaanguka.

Andati akaletewa imondo, ni haki yake. Akaitazama. Kisha akainuka na sahani, akaiweka mkononi mwa mke wangu.

"Mama Khaemba, kuku hukuulizwa. Basi ulizwa firigisi."

Mzee mmoja akakohoa, kukumbusha kwamba imondo si ya wanawake. Pascalia akamwuliza kama anataka maji. Akala yote. Taratibu. Hakunimegea.

Nilikula shingo, na sijawahi kula kitu kitamu vile.

Jumapili, 23 Agosti

Leo kwenye misa nimeshukuru kwa mpangilio: kwa maktaba, kwa madam Lynette, kwa mabati, kwa mvua iliyochelewa na mvua iliyokuja. Kwa Andati pia, nikafumba macho. Alikuja asubuhi na kipande kingine cha kitenge, hiki cha samaki wa bluu, akasema ni ili siku nyingine nisichanganye. Kwa hiyo aliona! Akaondoka akipiga mluzi. Mtu wa ajabu.

Jioni nimemsomea Pascalia Injili, na ile habari ya manabii niliyoharibu mwanzoni mwa mwezi, nikarudia. Nilipomaliza akasema, "Leo wamevuka vizuri. Mto upo." Sikuelewa. Mto umekuwapo siku zote, kitabu ni kile kile.

Kisha akatoa hukumu yangu ya kuku. Kwamba hata macho yakipona Septemba, jioni zitabaki kuwa zangu. Nisome mimi, yeye asikilize. Miaka yote iliyobaki, dada! Kwa kuku mmoja! Lakini nimekubali bila kulalamika, nimekosa.

Sasa sikiliza. Vipindi vingine ni Desemba. Ijumaa nilipona kwa neema tupu, na neema si kitu cha kujaribu mara mbili, kwa sababu kusoma bado sijui. Safari hii nitajikinga. Nitakariri kitabu kizima, jalada mpaka jalada, ili wakifungua popote nikute pangu. Nitakuwa namsomea Pascalia kurasa tano kila jioni, hatashuku lolote. Na madam Lynette anastahili shukrani ya kweli, si ile iliyoishia kwenye kitabu cha michango. Pale nyumbani amebaki yule kuku mweusi. Nimemchunguza. Huwa halii sana.

Chunga goti. Mama wa maziwa atakuletea daftari Jumatano; ukishajibu, mpe alirudishe. Nijibu upesi, dada yangu, na uandike kwa herufi kubwa, kwa sababu majibu yako pia sasa nitayasoma mimi.

Kaka yako,
Ignatius